Jani la Bure

Ndelilio alikuwa na kichwa kigumu kama kisiki cha mti wa kahawa. Ujanani alipelekwa semina ya chama, akarudi na neno moja, akalishika mpaka uzeeni: thamani ya kitu ni jasho lililokiingia. Basi. Anayekula bila kutoa jasho ni kupe.

Neno zuri kwa mtu asiye na mke mchuuzi. Yeye alikuwa naye. Elisifa alinunua ndizi za majirani huku juu mlimani, akazishusha sokoni Kiboriloni, na hela yake ndiyo iliyomsomesha binti yao Gladness na kuezeka nyumba. Kahawa ya Ndelilio, aliyoichambua punje moja moja, mnunuzi aliipa bei ileile ya kahawa ya jirani yake Sylvanus, mvivu yule, anayevuna akiwa amelewa. Ndelilio akasema mnunuzi mwizi. Hakujiuliza kama mnywaji huko aliko anajali mgongo wa nani uliuma.

Halafu siku ya kipaimara cha mjukuu, watu wamejaa uani, pombe ya mbege inazunguka, akasimama.

"Mama Gladness hapa ni kupe. Ananunua, anauza. Ameongeza nini kwenye ndizi? Imekuwa ndefu?"

Watu wakacheka, wajinga wale. Elisifa akaweka chini kata ya mbege.

"Baba Gladness, ndizi za Sylvanus zilikuwa zinaozea mgombani, na mjini watu wana njaa. Nani aliwakutanisha?"

"Gari. Wewe ulikaa tu."

Wakacheka tena. Kesho yake Elisifa akahamia kwa Gladness, kwenye mji mdogo wa Kwa Sadala.

Mwanzoni Ndelilio alijidai hajali. Lakini kiburu cha ndizi na maharage alichojipikia kilimwungulia kila jioni, na kitanda kikawa kipana. Akamtaka mkewe arudi. Alimtaka kweli, hilo simnyimi. Jumapili moja Yakobo, mdogo wake Elisifa, akapita akitoka kanisani.

"Shemeji, si uchume isale uende? Ukimpelekea jani hilo kuomba msamaha, hawezi kukataa. Nani kwetu amewahi kulikataa?"

Ndelilio akatazama mpakani. Isale imejiotea yenyewe, mbuzi wanaikanyaga.

"Jani la bure? Nimemtukana mbele ya watu, halafu nimpelekee kitu ambacho hakikunitoa hata jasho la kwapa? Namchimbia mfereji. Maji yafike mlangoni pa jiko lake hapa nyumbani. Hapo ataona uzito wa majuto yangu."

"Jiko lina bomba, shemeji."

"Bomba sikulichimba mimi."

"Mungu wangu! Kwa hiyo nikitwanga mawe kutwa nzima, utakula ugali wake?"

Ndelilio akachukua sururu. Alichimba masika, akachimba kiangazi, akang'oa mawe, akakata mizizi. Watu wakipita, shikamoo mzee, anaitika bila kuinua kichwa. Yakobo akaja tena.

"Dada anasema uje tu. Hata mikono mitupu."

"Anasema hivyo kwa adabu," akajibu Ndelilio. "Bado kipande kidogo."

Kipande hicho, pale kwenye migomba, kilikuwa bado hakijachimbwa Gladness alipopiga simu. Mama alianguka asubuhi akipanga ndizi. Presha. Hospitali hakufika.

Basi Elisifa alirudi nyumbani, ndani ya sanduku, maana mke huzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mumewe. Wabebaji walifika kwenye mfereji mkavu, wakasita, mmoja akatumbukia mguu, sanduku likayumba. Ikabidi watafute mbao wavuke. Ndelilio alisimama pale akiuangalia mfereji wake, na kwa mara ya kwanza aliuona kama wengine walivyouona: shimo refu njiani.

Kabla hawajafunika sanduku alikwenda mpakani akachuma jani la isale. Hata kikohozi kinachukua muda zaidi. Akalisogeza kwenye mkono wa mkewe.

"Mama Gladness," akasema. "Mama Gladness, hili hapa."

Yakobo akamshika bega. "Shemeji, hilo hupokewa. Nani atalipokea?"

Siku hizi Ndelilio anaufukia mfereji. Anarudisha udongo kwa mikono yake, polepole, na jasho linamtoka kama zamani. Wengine wanamwonea huruma, wanampelekea ndizi za kupikwa. Waendelee. Isale ipo palepale mpakani, imestawi, na kila asubuhi anaipita, jembe begani, bila kuitazama.