Siku Niliyomwitikia Profesa

Iko siku moja ya baridi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka miguu haitulii. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tumetoka kambi ya wakimbizi Kigoma juzi tu, tukaletwa huku ugenini. Asubuhi nawaogesha wagonjwa hospitali ya Westmead, mchana naenda chuo kikuu kusoma Talmudi, kitabu cha sheria cha marabi wa Kiyahudi. Watu wa kanisani walinicheka weee! Nikawaacha wacheke.

Talmudi haisomwi peke yako. Mnakaa wawili, mnasoma kwa sauti, mnabishana. Mwenzangu alikuwa profesa wangu, mzee wa Kiyahudi, mvi kichwa kizima. Nami nimelelewa Kirundi: mkubwa akisema, unaitikia. Miezi minane yeye anaeleza, mimi "Ndiyo, Profesa."

Siku hiyo tulifika sehemu ya mahakama ya kale. Akasema, "Majaji wote wakitaka mtu auawe, bila hata mmoja wa kumtetea, anauawa."

Nilikuwa nimepasoma kwenye treni ya Campbelltown. Panasema anaachiwa, maana hukumu iliyokosa mbishi haiaminiki. Nilijua kabisa. Nikasema, "Ndiyo, Profesa."

Akafunga kitabu.

"Umepasoma?"

"Nimepasoma."

"Panasemaje?"

"Anaachiwa."

"Sasa mbona umeniitikia?"

"Wewe ni mzee wangu. Kwetu hiyo ni heshima."

"Heshima yako imemuua mtu! Usirudi mpaka uwe na la kunipinga. Usiporudi, nitaandika kwamba kazi hii imekushinda."

Nilitoka nimevimba kwa hasira, hata kituo changu nikakipitiliza. Niliona masomo yangu ndiyo yamekwisha. Wiki iliyofuata nikaingia, nikafungua kitabu, nikasema: "Profesa, hapa umekosea." Akapiga meza, akacheka. "Haya! Sasa ndiyo tumeanza." Tukabishana miaka sita, mpaka nikawa mwalimu, mpaka siku tulipomzika.

Sasa mzee ni mimi. Jana nimekupa usome sura ya kitabu changu, ukasema, "Okei, Mama, ni nzuri." Lakini jicho lako lilisimama ukurasa wa pili, nililiona! Tangu hapo sijatulia.

Nakuomba, mwanangu, usiniheshimu kwa kuninyamazia. Mtu unayempenda mwambie amekosea, kisha usiondoke mezani. Mungu akupe mdomo wa kusema hapana, na akupe mwenzio asiyechoka kukubishia maisha yako yote.

Haya, vuta kiti. Nimekosea wapi?