Tezi Iliyojificha Kifuani

Nilivunjika paja nikiinua taruma, gogo la kulazia reli, karibu na Emali. Nyapara alidhani najisingizia mpaka alipouona mguu umelala upande. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimevunjika mkono kwa kumvuta mbuzi tu, na tangu hapo nilikuwa nikikojoa vijiwe kwa maumivu. Nyumbani Kathonzweni walisema nimerogwa. Sikubisha, wala sikukubali.

Nilipelekwa Nairobi kwa treni. Huko hospitalini daktari alinipima damu, akasema mifupa yangu inaliwa na tezi moja kati ya nne ndogo za shingoni, ambayo inafanya kazi kupita kiasi. Akanipasua shingo. Nilipozinduka, dresa, mfunga vidonda aliyekuwa akinitafsiria, Mkamba mwenzangu, alikaa kando ya kitanda. Alisema zimeonekana tezi tatu, zote nzima.

“Na ya nne imeenda wapi?”

“Daktari hajui, ndugu yangu. Lakini hatakupasua tena kabla hajajua.”

Nilingoja wiki nyingi. Mke wangu alikuja, akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia siogopi, na haukuwa ushujaa. Nilijitazama pale kitandani kama mtu anayetazama mgonjwa wa jirani.

Asubuhi moja wakanisimamisha kwa magongo mbele ya mashine ya eksirei, wakaninywesha uji mweupe usio na ladha. Daktari akawa anautazama ukiteremka. Chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, uji ukapinda kushoto, halafu ukanyooka. Akanitaka ninywe tena, na tena. Kila mara ulipinda palepale. Akanichora alama ya wino kifuani, akasema maneno machache.

Dresa akatafsiri: “Kuna kitu kinasukuma njia ya chakula. Atakifuata hapo.”

Akanipasua kifua, na kweli tezi ya nne ilikuwa hapo, nyuma ya umio, kubwa kama yai la njiwa; akaitoa. Siku ya pili baada ya kupasuliwa midomo ikafa ganzi, vidole vikajikunja vyenyewe, wakanidunga dawa mshipani. Dresa alifurahi kuliko mimi. Alisema ni dalili kwamba mifupa yenye njaa imeanza kula chokaa iliyomo kwenye damu.

Paja liliunga, ingawa mguu ulibaki mfupi. Mke wangu alilia aliponiona nikishuka kwenye treni Emali bila kushikwa. Nilitaka kulia naye, machozi hayakuja. Nikamwuliza kama mvua imenyesha.