Mpira wa Maji ya Sabuni

"Bi Pindo kapasuka tumbo kwa uchoyo," jirani yangu wa mlango wa pili aliniambia huku akikamua shuka. "Anajifungia, anakula peke yake. Sasa chakula kimemgeuka."

Nikazidi kusugua nguo zangu kwa hasira. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, sikutaka aamke kwa kelele.

Bi Pindo ni fundi cherehani. Jina walimpa wateja, maana pindo akilipiga yeye, nguo huchakaa lenyewe likiwa zima. Anashona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, hanywi maji kutwa. Choo ni cha wapangaji wote, kiko nyuma ya ua, na akiinuka tu wateja wanamng'akia. Basi anabana, anashona, mwaka nenda mwaka rudi. Juu ya hayo anameza vidonge vya maumivu ya mgongo, na vile navyo vinafunga choo.

Safari hii tumbo likawa gumu kama ubao. Mwanawe akampeleka kwa muuza dawa wa pale kona, yule anayejiita daktari. Mtoto wa kiume hawezi kuona utupu wa mama yake, akaniomba niingie naye mimi.

Muuza dawa akapitisha mpira njia ya haja kubwa, akafungulia maji ya sabuni kutoka kwenye ndoo.

"Baba, unanichoma," Bi Pindo akasema.

"Ikiuma ndiyo inafanya kazi, bibi. Usijifanye mtoto."

Maji hayakurudi. Mwenye akili angeacha. Yeye akausukuma mpira zaidi, akaiinua ndoo juu. Bi Pindo akapiga ukelele, akaniminya vidole mpaka vikafa ganzi. Mwanawe, huko nje, akacheka: "Mama na visa vyake!"

Kesho yake akawaka homa, tumbo limefura. Hospitali wakampasua. Daktari alituambia waziwazi: mpira umetoboa utumbo. Utumbo wa mzee ni mwembamba, tena ukijaa choo kigumu hausukumwi kwa nguvu, angepimwa kwanza. Sasa karudi na mfuko tumboni, choo kinatokea humo. Na yule muuza dawa, bila haya, anatangaza kwamba utumbo ulikuwa umeshaoza kwa uzee. Mwana wa Bi Pindo naye anaitikia! Anaona aibu kusema ni yeye aliyempeleka.

"Uchoyo gani?" nikamwambia jirani. "Nilikuwepo. Katobolewa na mpira."

"We mama, usimharibie mtu riziki. Baba yangu mwenyewe yuko kwenye foleni pale dukani kwake sasa hivi, choo kimemkataa."

"Kamtoe!"

"Nimtoe kwa maneno ya bibi aliyechanganyikiwa?"

Nikaacha nguo zangu kwenye beseni, nikaenda mbio kwa Bi Pindo. Alikuwa amekaa kitandani, anashona kwa mkono kitambaa cha kuufunika ule mfuko. Nilipomweleza, sindano ikasimama.

"Yule mzee wa mkongojo?"

"Ndiye, bibi."

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Kibarazani."

"Tupite mlango wa nyuma. Akituona ataniambia nipumzike." Akakata uzi kwa meno, akateremsha miguu sakafuni, uso umemkunjamana kwa maumivu. "Nimesema, hawanisikii. Haya, macho si wanayo? Nishike mkono, mwanangu, unipeleke pale dukani. Nitamfunulia mzee mwenzangu tumbo hili, alione kabla naye hajalazwa apitishwe mpira."