Kijiji cha Rakaa Mbili

Katika mambo yote ya kipumbavu niliyoyafanya Maskati, hakuna lililolishinda hili: nilisali rakaa nne.

Asiyetujua atauliza kosa liko wapi. Kwa madhehebu yetu, aliyeko safarini hufupisha sala. Adhuhuri, alasiri na isha, badala ya nne husali mbili. Na safari haiishi kwa siku kuwa nyingi. Inaisha ukirudi kwenu, au ukitia nia moyoni kwamba hapo ulipo ndipo kwenu. Usipoitia nia hiyo waweza kukaa mahala, ukaoa, ukazaa, ukaota mvi, na bado u msafiri.

Siye tulikuwa wasafiri. Tulishuka Matrah, bandarini Maskati, mwaka wa sitini na nne, tukikimbia mapinduzi ya Unguja, tukatoka nje ya ukuta wa mji, tukafuata njia ya Ruwi, na pale wadi, lile bonde la mto mkavu, inapopinda, chini ya jabali lisilo hata jani, tukajenga vibanda vya makuti ya mtende. Si kwamba tulipapenda. Palikuwa hapana wa kutufukuza. Watu wa Matrah walisema pale si kwao, watu wa Ruwi walisema si kwao. Hapakuwa na shekhe, wala msikiti, wala jina. Sokoni walisema tu "kule kwa Wazinjibari", na kidole kikaelekea popote.

Msikiti wetu ulikuwa mstari wa mawe, na imamu wetu alikuwa baba, kwa sababu ya umri. Siku hiyo alikuwa na homa, akanambia nisalishe adhuhuri mimi. "Wewe umesoma," alisema. Kweli nilisoma. Nilimaliza sekondari Unguja, nikawajua wafalme wa Kiingereza mmoja baada ya mwengine. Lakini mambo ya safari hayakuwa yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mpaka naondoka Unguja sikuwa nimefika hata Pemba, na Bububu nilikuwa nikienda kwa kusukumwa. Basi rakaa ya pili ikaisha, nikasoma tahiyatu, nikainuka kwa ya tatu. Nyuma mtu akasema, "Subhanallah." Ndivyo maamuma anavyomgutua imamu aliyekosea, na hilo nalijua tangu chuo cha Kurani. Siku hiyo nilidhani amependezewa na kisomo changu.

Nilipotoa salamu, jirani yetu, mjane mmoja mshona kofia ambaye kibanda chake na chetu viliegemeana, alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, mikono kiunoni.

"Leo tushahamia?" akauliza. "Si ungetwambia mapema, tukapika pilau?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, mpaka baba aliponiita ndani. Alikuwa amelala, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Umetia nia?"

"Hapana baba. Nimesahau."

"Mtu hasahau kwao," akasema, akageukia ukutani.

Tukairudia sala, mbili.

Watu huniuliza kama tulikuwa tukilia siku zile. Hatukulia. Tulikuwa kama mguu uliokaliwa: ni wako, unauona, huusikii. Mwaka wa kwanza kila mtu alisema tutarudi mwezi ujao. Mwaka wa pili tukasema baada ya Ramadhani. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu, ila sala tuliendelea kusali mbili. Vijana wenzangu walitafuta njia wakaenda Kuwait na Bahrein. Mimi nilisema nabaki kumtazama baba. Nilimtazama, haswa, tena kwa kulala ubavu. Mjane akipita mlangoni hakosi kuuliza, "Mwari wetu hajatolewa bado?"

Kilichotutesa ni maji. Juu kidogo ya wadi palikuwa na shamba la mitende, na mwenyewe alikuwa na kisima chake na ng'ombe wake wa kuvutia maji. Desturi ya pale msafiri hanyimwi ya kunywa, lakini mwenye zamu ni mwenyeji. Kwa hiyo wanawake wetu walikaa na madebe yao chini ya jua mpaka mtende wa mwisho ushibe, ndipo wateke wao. Magoti ya mjane yalianza kuvimba. Alipanda na debe, akashuka na debe, na kusema hakusema, jambo ambalo kwake yeye lilikuwa ugonjwa.

Mwaka wa nne mwenye shamba alikuja mwenyewe. Alikaa juu ya mkeka wetu, akanywa kahawa, kisha akasema kwa Kiarabu chake cha polepole: "Chini ya jabali lenu kuna maji. Chimbeni. Lakini mkubwa wenu aseme mbele yangu na mashahidi kwamba hapa ni kwenu. Sitaki mchimbe shimo, kesho muondoke, wanyama wangu watumbukie."

Sote tukamtazama baba. Yeye akamtilia mgeni kahawa nyengine.

"Siye wapita njia," akasema.

Mgeni hakubisha. Alitikisa kikombe kuonesha kwamba ametosheka, akashukuru, akaenda zake. Mjane, aliyekuwa nyuma ya pazia la gunia, hakungoja afike mbali.

"Wapita njia gani siye? Mwaka wa nne huu tunapita, hatujapita!"

"Bibi," baba akamjibu kwa adabu, "nikisema hapa ndipo kwetu, nyumba yangu ya Vuga namwachia nani?"

"Kwani sasa umemwachia nani?"

Baba akakusanya vikombe. Hakuna aliyemlazimisha kujibu, maana sote tulijua kinachoombwa si neno tu. Akilisema, amerudisha ufunguo wa nyumba ya Unguja. Asipolisema, wanawake wataendelea kupanda na madebe. Mimi ningeweza kumshauri kitu, mtu mzima niliyesoma. Niliingia ndani nikalala.

Mwaka uliofuata alikuja mtu kutoka Unguja, kapitia Mombasa na Dubai, mtu wa mtaani kwetu. Baba alimwacha ale, anawe, anywe kahawa. Kisha akauliza kama anayeuliza bei ya samaki.

"Nyumba iko?"

"Iko. Wanakaa watu."

"Watu wema?"

"Sijui, bwana mkubwa. Wana watoto wengi."

Baba akakitazama kikombe. "Dari ya chumba cha nyuma bado inavuja?"

"Wameiziba."

"Wameiziba," baba akasema. Dari ile yeye aliahidi kuiziba tangu mimi ni mtoto, na kila masika mama, Mungu amrehemu, akitega sufuria.

Alasiri akasimama mbele ya mstari wa mawe kama siku zote. Rakaa ya pili, tahiyatu, akainuka. Hakuna aliyesema "Subhanallah." Nilikuwa nyuma yake nikingoja uchungu unijie. Nilichokisikia ni kijiwe chini ya goti langu la kulia. Alipomaliza alinituma kwa mwenye shamba, aje na mashahidi wake, na safari hiyo nilikwenda bila ya kusukumwa.

Maji yalipatikana, ya chumvichumvi. Mjane aliyaonja akatema kidogo. "Mchuzi tushautia chumvi," akasema, akajaza debe lake hapo hapo, hatua chache na mlango wake. Tukapanda ndimu. Baba akatengeneza mlango wa mbao, wa kwanza pale.

Halafu ukaja mwaka wa sabini, akatawala Sultani mpya, mambo yakageuka. Ghafla waliosoma wakatakiwa maofisini. Gari zikawa zinafika mpaka kwenye wadi kuchukua watu na vyombo vyao, huyu Matrah, yule Sib. Vibanda vikabaki vitupu, upepo ukavuta makuti moja moja. Hata mimi niliitwa kazini, pamoja na vyumba viwili vya mawe Matrah. Nikamwambia baba tuhame.

"Mimi nia nshaitia," akasema huku akimwagia ndimu zake. "Si godoro lile, kwamba nilikunje nikatandike kwengine. Nenda wewe."

Nilikataa. Nilisema siwezi kumwacha baba peke yake, na nililisema vizuri, sauti ikashuka mwishoni, hata mwenyewe nikajipenda. Siku mjane anahamia kwa mwanawe Matrah, gari inamngoja, nilisimama mlangoni kwake nimekunja uso, nikamweleza na yeye kwamba nabaki. Alikuwa ameinama akivuta godoro lake. Hakuinua hata kichwa.

"Baba'ako anakaa kwa sababu ana kwao. Wewe unakaa kwa uvivu. Usinitolee macho, shika upande wa pili huo."