Kipa wa Glavu Mbili za Kushoto

Kadi zetu za wachezaji wa mpira zilikuwa takataka. Nasema hivyo mimi niliyezilalia chini ya mto utoto wangu wote hapa Wajir, kwa hiyo mtu mwingine asije kunisaidia kuzitukana. Zilikuja ndani ya pakiti za chingamu chachu iliyokuwa ikining'inia kwa kamba mbele ya duka, na aliyezichapisha, popote alipo, hakuwa na ruhusa ya timu yoyote duniani. Aliogopa nembo za klabu kama mwizi anavyoogopa tochi, ndiyo maana kila mchezaji alipakwa duara jeupe kifuani. Beki mmoja alikuwa na kichwa cha Mzungu na mikono ya mtu mweusi. Winga mmoja, ukisoma maelezo ya nyuma, alizaliwa kabla ya babu yangu. Majina nayo yaliandikwa na mtu aliyeyasikia kupitia ukuta.

Na kipa wangu! Kipa wangu alivaa glavu mbili, zote za mkono wa kushoto, vidole gumba vimeelekea upande mmoja kama mbuzi wawili waliosikia mlio wa ndoo. Ukimtazama unajua kabisa kwamba huyu hajawahi kudaka hata embe. Nilimpenda kuliko wote.

Kwetu hakuna mali inayotembea bila chapa. Ngamia wa babu, kule upande wa Griftu, wana mstari mmoja uliosimama na nukta mbili kando yake, shingoni, upande wa kushoto. Ukoo mwingine una yake. Ngamia akipotea hadi Eldas, mtu anamtazama shingo na kujua ampigie nani simu. Sasa watoto waliokua wakiona hayo, siku wakipata mali yao wenyewe watafanya nini? Tulipasha waya wa mwavuli kwenye makaa ya jiko, tukawachoma wachezaji shingoni, upande wa kushoto. Mkono ukitetemeka, mshambuliaji anaungua mpaka kidevu. Nyumba nzima inanuka plastiki na mama anauliza ni kiatu cha nani.

Sheria za kuazimana pia tulizitoa kwa ngamia. Ukame ukimaliza mifugo ya ndugu yako, unampa ngamia mwenye maziwa. Yeye anakamua, watoto wake wanakunywa, lakini ngamia anabaki wako, na ndama wote watakaozaliwa ni wako. Maziwa yakikauka, anamrudisha mwenyewe. Kumfuata na kumwambia "nipe ngamia wangu" ni aibu kwenu wote wawili. Unaruhusiwa swali moja tu, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua: "Bado ana maziwa?"

Tulikuwa tunacheza mchezo wa kofi. Kadi zinalazwa kifudifudi mchangani, unapiga ardhi kwa kiganja, zinazopinduka ni zako. Siku moja mtoto wa habaryar wangu, yaani dada ya mama, aliliwa kadi zote. Akabaki amekaa vumbini, kamasi zinashuka, hana hata beki. Mimi machozi ya mtu hunishinda. Nikampa kipa wangu akamkamue. Haukupita muda, mama yake akahamia Nairobi, na kipa akaondoka ndani ya mfuko wa kaptura.

Siku hizi nina kibanda cha jezi sokoni. Jezi zenyewe si halali, usiniulize. Ukutani, nyuma ya kioo, nimepanga kikosi changu cha zamani, kila mtu na chapa yake shingoni, na golini pako wazi. Nina ndoto kwamba siku moja hapa patakuwa mahali pa watu kutoka Garissa, kutoka Mandera, kutoka kambi za Dadaab, waje na takataka zao za utotoni, wanywe chai, waoneshane chapa. Lakini nani atafunga safari kuja kuona timu isiyo na kipa? Kitu nilichotaka kilikuwa hicho kimoja, na hicho ndicho nisichoweza kukidai.

Mwaka huu, baada ya Idd, binamu yangu huyo akaja kututembelea kutoka Nairobi. Alishuka na sanduku la chuma lenye kufuli. Nguo zake alizibeba kwenye mfuko wa nailoni, lakini kadi zilisafiri kwenye chuma. Akaingia kibandani, akasimama mbele ya kioo changu, akacheka mpaka akashika meza.

"Walaal, ndugu yangu, umeziweka hizi ukutani? Kwenye kioo? Hizi ni feki, bro. Feki tupu."

"Hata wewe nilikuwa nakuona wa kweli," nikamwambia.

"Mimi siku hizi sigusi kadi bila leseni." Neno leseni alilitamka polepole, kama mtu anayehesabu mababu zake. Kisha akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu. "Na kipa mko naye wapi?"

Nikamtazama usoni. Hakuna kitu. Alikuwa ameuliza kwa nia safi kabisa!

"Yuko malishoni," nikasema.

"Wewe na mafumbo yako," akasema, akatoka kwenda kupiga picha za punda.

Jioni, nyumbani, alifungua sanduku mbele ya mama. Kwanza alivaa glavu nyeupe za pamba. Mama alikuwa anamimina chai ya maziwa ya ngamia, akasimamisha birika hewani.

"Kwani hizi bicha ziko na ugonjwa," mama akauliza, "ama ni wewe uko na ugonjwa?"

"Hapana, habaryar. Zina thamani. Mkono una mafuta."

"Mkono gani? Huo niliouogesha mimi?"

Akazitoa moja moja. Kila kadi ilikuwa imefungiwa ndani ya plastiki ngumu, na kibandiko kinachometameta cha kuthibitisha kwamba ni halali. Hii usiguse. Hii usipumulie. Hii ikipigwa na jua imekwisha. Nilizitazama zile nyuso safi, nembo kila mahali, kila glavu mkono wake, na nikaona nimeletewa wagonjwa wa hospitali. Hata mmoja hajawahi kulazwa mchangani akapigwa kofi. Hakuna aliyenusa chingamu. Na mwenyewe amekaa katikati yao na glavu zake kama daktari asiyejua dawa, anaitia baraka kila moja kwa kutaja bei. Kumbe leseni ndiyo hii, nikafikiri. Wanakupa ruhusa ya kumiliki kitu, kisha wanakukataza kukishika.

Halafu akafika chini kabisa ya sanduku, kwenye plastiki nene kuliko zote.

"Hii tu ndiyo siuzi," akasema, na sauti ikapungua. "Nilipofika Nairobi, shuleni hakuna aliyekuwa akiongea na mimi. Walinicheka jinsi ninavyosema baba na papa, yote mawili yakitoka baba. Nikaingia mchezo wa kofi na hii moja tu. Nikala ya huyu, nikala ya yule. Nikabadilisha, nikauza, nikanunua. Sanduku hili lote limetoka kwa huyu."

Vidole gumba viwili, vimeelekea upande mmoja. Shingoni, mstari na nukta mbili.

Mama aliiona chapa kabla sijavuta pumzi. Aliolewa kwenye chapa hiyo, anaijua kama anavyojua mlango wake. Akanitazama. Sheria ilikuwa wazi kwetu sote wawili: kama kipa ni wangu, sanduku zima ni ndama wangu, na glavu za pamba pia, ukitaka kuwa mkali.

Lakini huwezi kudai. Nikanywa chai.

"Ina kasoro moja tu," binamu akaendelea. "Kuna doa hapa shingoni, sijui sigara, sijui nini. Nimepata mtu Nairobi, fundi wa kusafisha kadi, atalifuta lisionekane."

Mama akaweka birika chini. "Ukifuta hiyo," akasema taratibu, "hapa kwetu unaitwa mwizi."

"Mwizi? Kwa nini, habaryar?"

Mama akamwonyeshea ile shingo kwa kidevu. Aliinama tena juu ya kadi. Nikamwona anaufuata mstari kwa kidole, nukta ya kwanza, nukta ya pili, halafu kidole kikasimama. Akavua glavu moja. Akavua ya pili. Masikio yalimwiva. Alinyanyua kile kiplastiki kwa mikono miwili na kukinyoosha kwangu.

Nilimtamani kipa yule, Wallahi. Niliona kioo changu kimejaa, niliona wageni wa Garissa wakimcheka. Lakini niliona pia mtu mzima mwenye sanduku la wagonjwa, ambaye katika mali yake yote ana kimoja tu anachokipenda, nacho ni takataka yangu. Unaweza kumdharau mtu kama huyo, na mimi namdharau mpaka leo, kwa furaha. Kumnyang'anya ngamia wake wa maziwa ni kitu kingine.

"Bado ana maziwa?" nikauliza.

Akaivuta kadi karibu na kifua. "Bado," akasema.

"Basi kaa naye. Na shingo usiiguse."

Asubuhi ya kuondoka alipitia kibandani. Akaniwekea mezani kadi moja kutoka sandukuni, mshambuliaji, leseni na kibandiko, ndani ya plastiki yake. "Ndama," akasema, bila kunitazama.

Nikamshukuru. Nikavunja plastiki kwa nyundo ya kupigilia misumari ya hanga za jezi. Kisha nikaenda kwa mama wa chai jirani, nikachomeka waya wa mwavuli kwenye makaa yake.

"Walaal, hapana! Walaal, utaiua! Unajua hiyo ni ngapi?"

"Shika miguu," nikamwambia.

Akashika. Alifumba macho, lakini kona mbili za chini alizishika vizuri, kwa mikono mitupu, kama tulivyofanya zamani. Mstari. Nukta. Nukta. Ilitoa harufu ileile.

Yuko golini sasa. Hajui kudaka, wala hana glavu hata za kushoto. Wateja wakiniuliza kwa nini mshambuliaji amewekwa hapo, nawaambia huyo ni mtoto tu, mama yake yuko malishoni.