Sato Niliyemsamehe

Juzi nilikuwa Mchafukoge, kwenye duka la ndoano na nyavu, nikinunua mshipi mpya. Tangu nirudi kutoka likizo kanda ya ziwa najiona mvuvi. Mwenye duka, mzee wa Kiarabu, akaniuliza kwa adabu tu kama huko nilipata chochote.

Nani alimtuma? Nikamsimulia nilivyokaa kwenye mtumbwi tangu alfajiri mpaka jua la utosi, hadi sato mmoja akanasa. Nikampima kwa shubiri, hakutimia. "Nikapiga naye picha, nikamrudisha majini. Tukiwamaliza watoto, mzee wangu, kesho ziwa litazaa nini?"

"Mashallah," akasema mzee.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kuhudumiwa akanyoosha kidole kwenye kikapu changu. "Na hao, kaka?"

"Sato. Nimewapitia Kariakoo sasa hivi."

Akamvuta mmoja kwa mkia, akamlaza juu ya kaunta, akatandaza shubiri yake. Samaki hakuifikia.

Niliwachagua wadogo makusudi, kwa sababu wanakauka vizuri kwenye mafuta na kila mtu nyumbani anapata mzima wake.

Mzee akashusha miwani, akamwinamia yule samaki kama anayemtambua. "Usijali, mwanangu. Huenda ndo yule yule. Kakufuata mpaka huku aje kukushukuru."

Jioni nilimla na ugali, kichwa mpaka mkia. Safari hii sikupiga picha.