Dawati la Upande wa Fifi

Ilianza Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, katikati ya kipindi cha jiografia. Pikapu ilisimama mbele ya darasa letu, wakashuka wanaume wawili na futikamba, wakaanza kupima ukuta kama vile sisi hatumo. Mwalimu akabaki na chaki mkononi. Mmoja wao akachungulia dirishani, akasema, "Endeleeni tu, wanafunzi. Sisi tunapima."

Darasa letu lilikuwa ghala la pamba. Sekondari yetu ilianza bila majengo, chama cha ushirika kikatuazima ghala lake pale mtaa mkubwa wa Bariadi, kwa kuwa pamba yenyewe ilikuwa haiji tena kwao kama zamani. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na kila jambo lililowashangaza wazee walijibiwa neno moja: ruksa. Mtaa ule una nyumba za zamani za wenye maduka, zenye nguzo nene na baraza ndefu, na milango ya mbao inayokunjwa kipande kwa kipande. Wenyewe wengi walishahama. Baraza moja watu walimwaga mitumba, baraza ya jirani baba yangu alitengeneza baiskeli. Mimi nazipenda zile nyumba. Sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu nikitaka kusema mbele za watu sauti inakwama.

Ndani ya ghala, ukuta mmoja uliandikwa SAFI kwa rangi nyeusi, ukuta wa pili FIFI. Zamani pamba nyeupe iliwekwa huku, iliyochafuka kule. Wavulana waliwahi upande wa Safi siku ya kwanza, sisi wasichana tukabaki na Fifi. Nyuzi za pamba za miaka mingi zilidondoka kutoka kwenye kenchi zikatutulia vichwani kama mvi, nao wakawa wanatuamkia, "Shikamooni, bibi zetu wa Fifi!"

Niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyewajibu. "Marahaba, wajukuu. Na hesabu mmepata ngapi?"

Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Kwao ni Mwandoya. Hapa aliishi na mjomba wake, mlinzi wa ghala, kwenye chumba cha nyuma ya jengo. Mwalimu akiniuliza swali, nilimnong'oneza yeye jibu, naye akalisema kwa sauti, kisha akaongeza, "Amesema huyu, mwalimu." Hakuwahi kuniibia hata jibu moja.

Mchana mwalimu mkuu akatuambia: jengo limechukuliwa na mnunuzi wa pamba, Ijumaa asubuhi tuwe tumehamia madarasa mapya ng'ambo ya mto. Kila wawili wabebe dawati lao.

Darasa zima likashangilia. Rafiki yangu hakushangilia. Mlinzi wa ushirika hakuwa na kazi tena wala chumba, na mjomba akirudi Mwandoya, yeye angebaki na nani? Akaniambia kule kwao kuna mtu mwenye ng'ombe wengi, ambaye siku hizi anakuja kumsalimia baba yake mara nyingi mno.

Jioni nikamwambia mama, mama akamwambia baba. Baba akaacha kula.

"Mayu," akaniambia, kama Wasukuma tunavyomwita mama au binti kwa heshima, "mtoto huyo nampenda. Lakini hapa nina kijana. Binti wa watu akilala kwenye nyumba yenye kijana, kesho baba yake anakuja kudai ng'ombe, na haki ni yake."

Kaka yangu akapaliwa na mboga. "Mimi? Yule si ananizidi hata urefu!"

"Nani amekuuliza urefu?"

"Basi nitahamia kwa rafiki yangu."

"Ukihama ndiyo watasema vizuri. Watasema tumekuficha."

Mama ndiye aliyepata njia: baba mzazi aombwe kwa heshima, aje mwenyewe amkabidhi mtoto mbele ya watu, hapo hakuna atakayesema neno. Baba akakubali. Na kwa sababu jambo la heshima halipelekwi na utingo wa lori, alimwomba jirani yetu, mzee anayejua kuzungumza na wazee wenzake. Huendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo akampa sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Siku ya pili yake mzee akapanda basi la Mwandoya. Rafiki yangu na mimi tulicheka sana siku ile, tukachagua hadi upande wa kitanda.

Alhamisi alasiri walifika. Baba yake alivaa koti, na nyuma yake walikuja wazee wawili na mwanamke aliyebeba kuku. "Ng'wadila!" wakasalimia kwa furaha. Walipokaa barazani, yule baba akamtazama kaka yangu kuanzia miguu mpaka kichwa. Kaka alikuwa na grisi mpaka viwikoni.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Mikono inaonyesha kazi. Vizuri."

Mama akaweka sufuria chini. Hapo ndipo sisi sote tulipoelewa. Mzee wa watu, sukari, blanketi, nyumba yenye kijana: nani asingedhani ni posa? Yule jirani yetu alisema maneno yote ya shule, aliapa hivyo, lakini kule walidhani hiyo ndiyo adabu ya kuanzia mazungumzo.

Baba alieleza. Alieleza mara mbili. Mzee mmoja wa kule akacheka, halafu akaona hakuna mwenzake anayecheka.

"Yule mwenye ng'ombe nimeshamkatalia," akasema baba wa rafiki yangu taratibu. "Nimemwambia binti amepata kwao Bariadi. Kijiji kizima wanajua. Sasa nikirudi niseme nini? Kwamba nimewaachia watu mtoto bure, alale kwao?"

"Asome tu, baba," akasema mama. "Tutamtunza kama wetu."

"Najua, mayu. Ningekuwa sijasema kwa watu, ningemwacha."

Rafiki yangu alipiga magoti pale kwenye saruji. "Baba, niache nimalize." Mimi nikasema, "Atalala na mimi jikoni," lakini sauti ilitoka ndogo, aliyeisikia ni mama peke yake.

Yule baba hakufoka. Angefoka ningemchukia, ingekuwa nafuu. Alilikunja blanketi vizuri, akalirudisha. Wakatuachia kuku wao. Mjomba alileta sanduku la mpwa wake, na jua lilipokuwa linazama wakapanda lori lililokuwa likirudi Mwandoya. Rafiki yangu aliinama kutoka juu, uso umelowa, akaniambia, "Usije ukahamia upande wa Safi."

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda ghalani mapema. Vibarua walikuwa wanapaka chokaa juu ya yale maandishi mawili. Nikawauliza watajuaje pamba ipi ikae wapi. "Inachanganywa yote, dada," wakasema. "Siku hizi hakuna kuchagua." Dawati letu lilikuwa limebaki peke yake. Kaka alinifuata akasema, "Nishike upande mmoja." Nikamkatalia. Nililigeuza, nikaliweka kichwani, chini yake nikakunja sweta langu. Nililipumzisha kwenye kila baraza ya mtaa ule mpaka nyumba za zamani zikaisha, nikavuka mto, nikafika wenzangu wameshaingia kipindi cha pili.

"Mwenzako yuko wapi?" mwalimu akauliza.

"Baba yake amemrudisha kwao, mwalimu. Harudi tena."

Nilisema kwa sauti, hadi wa nyuma wakageuka. Nikaliweka dawati karibu na ukuta, nikakaa upande wangu ule ule.